Kafara ya Nani?

Yako maneno ambayo Mkristo wa huku kwetu huyasikia kanisani, kisha akayasikia tena machimboni, na moja kati ya hayo ni neno kafara. Jumapili analisikia kutoka mimbarini, kwamba Kristo alikuwa kafara ya dhambi zetu. Jumatatu, kama ana ndugu anayechimba dhahabu Nyarugusu, Rwamagasa au Mgusu, huenda akalisikia mara ya pili, safari hii likisemwa kwa sauti ya chini pembeni mwa duara lililochimbwa wiki sita bila kutoa kitu. Mwenye duara amekwisha kukopa fedha za magogo ya kuzuia kuta, amekopa unga wa kuwalisha vijana, na mwamba bado ni mkavu. Ndipo mmoja anaposema, “Hapa panataka kafara.”

Mara nyingi kafara hiyo ni kuku au mbuzi, na mambo huishia hapo. Lakini sote tunajua kwamba hayakuishia hapo kila mara. Kuanzia mwaka 2007 nchi nzima ilishtushwa na habari za watu wenye ulemavu wa ngozi, tunaowaita albino, waliokuwa wakiwindwa, kukatwa viungo na kuuawa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa imani kwamba viungo vyao huleta bahati ya dhahabu, ya samaki na ya biashara. Sisemi kwamba wachimbaji ni wauaji. Wengi wao ni watu wa jasho kama wakulima, na nimewaona wenye kupiga magoti kabla ya kushuka shimoni. Nasema tu kwamba neno lile lile tunalolitumia kumsifu Mungu limekaa pia mahali pale, na yafaa tulitazame vizuri linasema nini huko na linasema nini huku.

Tukiitazama kafara ya shimoni kwa utulivu tutaona kwamba ina kanuni yake. Anayetaka kupata ni mmoja, anayelipa ni mwingine. Mwenye duara anataka dhahabu. Uhai unatoka kwa mtoto wa watu asiyejua hata duara lenyewe liko wapi. Na mganga, yeye anapata ujira wake dhahabu ionekane isionekane. Kanuni hiyo haikubuniwa Geita. Kuhani mkuu Kayafa, katika Injili ya Yohana, alikuwa na hesabu hiyo hiyo alipowashauri wenzake kwamba ilikuwa nafuu afe mtu mmoja kuliko taifa zima kuangamia. Ni hesabu nzuri sana kwa yule ambaye si yeye anayekufa.

Msalaba uliipindua hesabu hiyo. Pale mwenye kutoa ndiye aliyetolewa. Wala walionufaika hawakuwa watu wema waliostahili. Paulo anawaeleza Warumi, katika sura ya 5, kwamba jambo hilo lilitendeka wakati sisi tulikuwa bado ni wenye dhambi, hata hatujaanza kujirekebisha. Kwa hiyo mtu akiniuliza ni alama gani inayomtambulisha Mkristo, siangalii kwanza kama anapenda, kwa maana kila mtu anapenda watu fulani. Naangalia anampenda nani, kisha naangalia gharama ya upendo huo inatoka mfukoni mwa nani. Swali la kwanza limehubiriwa sana katika makanisa yetu. La pili halihubiriwi, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Tuanze na macho mekundu, maana sidhani kama kuna jambo lililoiharibia Shinyanga jina kuliko hilo. Kwa miaka mingi akina bibi wazee waliuawa kwa mapanga vijijini mwetu kwa kushukiwa uchawi, na alama iliyotumiwa kuwatambua ilikuwa macho yao. Bibi mwenye macho mekundu ni mchawi. Hakukuhitajika ushahidi mwingine ila mpiga ramli wa kuuthibitisha. Watu waliosoma walicheka ujinga huo, wakapita. Lakini je, tuliwahi kujiuliza macho yale yalipata wapi wekundu wake?

Shinyanga haikuumbwa kuwa nchi kame kama wageni wanavyodhani. Ilikuwa na mapori ya migunga na miti mingine mingi. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilisimamia kufyekwa kwa mapori makubwa ili kuwaondoa mbung'o. Ikaja pamba, mashamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, na miti iliyosalia ikaishia kwenye kuni na mkaa. Mwaka 1986 ulipoanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, na watu wakahimizwa kurudisha ngitili zao, yale malisho yanayofungwa ili majani na miti viote tena, wanawake wa vijiji vingi walikuwa wamekwisha kuzoea kupikia mabua, vijiti vya pamba na mavi makavu ya ng'ombe. Aliyewahi kuingia katika jiko lisilo na dirisha wakati mavi ya ng'ombe yanawaka hahitaji kuelezwa. Mwanamke anayeinamia mafiga hayo asubuhi na jioni tangu akiwa msichana wa miaka 10 hadi awe bibi wa miaka 70, macho yake yatabakije meupe?

Macho yale, ndugu msomaji, yaliiva kwa ugali. Yaliiva kwa ugali wa mtama aliowasongea watoto, kwa michembe aliyowachemshia wajukuu, kwa maji ya kuoga aliyompashia mume arudipo malishoni. Vijana waliokuja usiku na mapanga walikuwa wamekula chakula kilichopikwa katika moshi wa namna hiyo hiyo, kwa macho ya namna hiyo hiyo. Na aliyewakodi hakuwa mgeni kila mara. Nyuma ya ramli chonganishi aghalabu palikuwa na shamba la mjane, au ng'ombe wa urithi, au mtu wa ukoo aliyechoka kungoja.

Hapa wahubiri wetu hufanya jambo ambalo mimi silipendi. Wakitaka kumtetea bibi humfanya malaika. Humweleza kuwa ni mpole, mwenye busara, mwenye kuwapenda wote. Wapo wa namna hiyo, Mungu awabariki. Lakini baadhi ya akina bibi niliowajua mimi walikuwa wakali, wachoyo, wenye ulimi wa upupu, waliowatesa wake za watoto wao mpaka wengine wakarudi kwao. Ukimtetea bibi kwa sababu ni mwema, umewaachia wenye mapanga yule asiyekuwa mwema.

Nakumbuka kisa kimoja cha mwaka ule wa mvua za El Nino, 1998, katika kijiji kimoja kusini ya mji wa Shinyanga nilikokuwa nikifundisha. Palikuwa na bibi wa namna hiyo ya ukali. Mkwe wake alikuwa amezaa mabinti watatu mfululizo, na kwa kosa hilo, kama ni kosa, alikuwa ameitwa majina ya dharau kwa muda wa miaka 12. Mumewe, mwana wa bibi, alikwenda machimboni upande wa Geita, na habari zake zilikuja mara moja kwa msimu. Basi mtoto wa jirani akafa kwa homa, kisha wa pili. Ramli ikapigwa. Ikaanza kusemwa kisimani kwamba siku za yule bibi zinahesabika. Wanawe wengine wawili walioishi kijiji cha pili hawakufika hata kumjulia hali. Mmoja alituma ujumbe kwamba ana kazi ya kuvuna.

Yule mkwe alichukua ngozi yake ya kulalia na binti yake mdogo, akahamia mlangoni mwa nyumba ya bibi. Alilala pale miezi minane. Nilikwenda kumwona jioni moja pamoja na mzee wa kanisa, na mzee akaanza kumsifu kwa upendo wake mkuu kwa mama mkwe. Yule mama alikuwa anachambua mboga, hakuinua uso.

“Simpendi, mwalimu,” aliniambia mimi, kana kwamba mzee hayupo. “Msiende kusema kanisani kwamba nampenda. Ila wakija, watanikuta mimi kwanza.”

Mzee wa kanisa alifadhaika kidogo, na njiani aliniambia kwamba mama yule bado hajaelewa Injili. Sikubaliani naye hata leo. Tumezoea kuuita upendo ule ulaini wa moyo tunaousikia tukiwa na wale wanaotupendeza, na tukiukosa ulaini huo tunadhani upendo haupo. Yule mama hakuwa na ulaini. Alikuwa na mwili wake tu, akauweka kati ya panga na mwanamke aliyemdhalilisha. Kama huo si upendo basi sijui tunamhubiri nani Ijumaa Kuu. Wauaji hawakufika, au walifika wakaona kuna watu wakarudi, hakuna aliyejua. Na bibi hakumshukuru mkwe wake hata siku moja. Nilichosikia ni kwamba ulipofika mwezi wa Juni, wakati wa baridi, alimwambia asogee ndani, mlangoni pana upepo.

Angalia tena gharama. Wanawe wa kuwazaa walimpenda mama yao, nina hakika. Wangelia sana msibani. Lakini upendo wao haukuwa na mtu wa kulala mlangoni.

Sasa niseme juu ya ule upendo wa kuigiza, unaofanana na wa Kristo kwa maneno yote, ila kafara yake ni mtu mwingine. Huo umejaa katika nyumba zetu za Kikristo na katika vikao vya ukoo.

Kijana mmoja wa ukoo ninaoufahamu alikwenda kuchimba Nyarugusu. Alikaa huko miaka minne. Siku moja moja alipata, kama wote wanavyopata, na fedha ikaisha mahali inapoishia fedha ya machimboni. Alirudi na madeni, pombe na hasira. Hazikupita siku nyingi akachukua usiku maksai wawili wa dada yake, mjane mwenye watoto wanne, akawauza mnadani, na kijana mchungaji aliyejaribu kumzuia akampiga fimbo ya kichwa mpaka akapoteza fahamu. Huku kwetu mwizi wa ng'ombe hana mtetezi. Sungusungu walioanza upande wa Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980 walianza kwa sababu ya ng'ombe, na ilijulikana kwamba wakimpata kijana yule usiku, asubuhi kutakuwa na matanga.

Ukoo ukakaa kikao. Nilialikwa kama mtu wa kanisa. Wazee walizungumza vizuri mno. Mmoja alisema mtoto akikunyea mkononi hukati mkono, unaunawa. Mwingine akamgeukia mjane akamwambia, “Mwanangu, huyu ni damu yako. Msamehe, usipeleke shauri mbele. Wewe ni mama wa kanisa, unajua Yesu alisema saba mara sabini.” Akamalizia kwa methali kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Wote wakaitika.

Methali hiyo ni ya kweli kabisa, ila pale kikaoni ilikuwa imekwisha kuamuliwa kimya kimya ni nani katika hao wa kwao atakayelila hilo janga. Mjane angelima na jembe la mkono msimu ule. Watoto wake wangekula mara moja kwa siku. Kijana mchungaji, aliyekuwa wa watu maskini, angepewa pole. Na wale wazee sita waliosema kwa uchungu juu ya msamaha wangerudi nyumbani, kila mmoja na zizi lake kamili, wakiwa wamewapatanisha ndugu. Kila neno lililosemwa lilikuwa neno la Injili, na hesabu ilikuwa ya Kayafa.

Ndipo mjomba wao, mdogo wa mama yao, mtu asiyekuwa na makuu wala cheo chochote kanisani, akaomba kusema. Alikuwa na ng'ombe watano kwa jumla. Alisema kwa kifupi sana. Alimwangalia kijana akamwambia, “Maksai wa dada yako nitalipa mimi. Matibabu ya yule mtoto nitalipa mimi. Kesi utaijibu wewe.” Usiku huo huo akampakia kwenye baiskeli, akapita naye njia za ndani mpaka kituo cha polisi, wakafika alfajiri. Kesho yake akaswaga ng'ombe wawili kwa mjane, na wa tatu akamwuza.

Wapo waliomlaumu. Walisema mtu anayempenda mpwa wake hampeleki polisi. Walimwona kama aliyetenda mambo mawili yanayopingana: kumlipia kwa mkono mmoja na kumshitaki kwa mkono mwingine. Mimi kwa maoni yangu sioni kupingana hata kidogo. Alilipa kile kilichokuwa chake kulipa, yaani mali yake. Hakulipa kwa haki ya yule mchungaji aliyepigwa, kwa sababu haki hiyo haikuwa mali yake kuitoa sadaka. Tena kwa kumpeleka polisi usiku ule alimwokoa asifie mikononi mwa watu.

Tofauti hii ni ya kufa na kupona katika nchi yetu. Katika mashauri ya mauaji ya albino ilitokea mara kadhaa waliokamatwa wakawa ndugu au jirani wa karibu wa aliyeuawa. Mwezi wa Septemba mwaka 2009 Mahakama Kuu ikikaa Kahama iliwatia hatiani watu watatu kwa kumwua kijana mdogo albino wa Bukombe, nao wakahukumiwa kunyongwa. Kesi kama hiyo haifiki mwisho bila watu waliokubali kusema walichokijua. Na kila mahali palipokuwa na mtu aliyejua akanyamaza kwa kuwa muuaji ni shemeji, au ni mjomba, au ni mwanakwaya mwenzake, ukimya huo ulivaa joho la upendo. Nani aliyelipa? Mtoto.

Mwezi wa Februari mwaka 2015, huko Chato katika Mkoa wa Geita, watu walivamia nyumba usiku wakamnyakua mtoto albino wa mwaka mmoja. Mama yake alimng'ang'ania mwanawe mikononi, wakamkatakata yeye kwa mapanga mpaka akaachia. Mtoto alikutwa baadaye amekufa, mwili umekatwa viungo. Mama akalazwa hospitali Mwanza na majeraha makubwa. Nimefikiri mara nyingi juu ya usiku ule. Katika chumba kimoja zilikutana kafara mbili tunazozizungumzia hapa. Waliokuwa wakivuta walitaka mwili wa mwingine uwape utajiri. Aliyekuwa ameshikilia alitoa wake. Sina la kuongeza juu ya hilo, wala sidhani kwamba mtu yeyote analo.

Wapo pia watoto wengi waliopelekwa katika kituo cha Buhangija, pale Shinyanga mjini, wapate kulindwa, na baadhi yao wakakaa miaka pasipo mzazi wala ndugu kufika kuwatazama. Kwa wazazi wao sipendi kuwa mwepesi wa kuhukumu. Wengine waliogopa kufuatwa njiani, wengine hawakuwa na nauli. Lakini wengine, tuseme kweli, walipumua. Serikali ilikuwa imewapokonya mzigo, nao wakauita mpango wa Mungu.

Najua kuna msomaji mwanamke ambaye kufikia hapa ameanza kukasirika, na ana haki. Atasema: mwalimu, haya ya kujitoa kafara kwa ajili ya watu wasio wakamilifu tumeyasikia tangu tuliposimamishwa madhabahuni. Mume analewa, tunaambiwa vumilia. Anapiga, tunaambiwa umpende, huenda ukamvuta kwa Bwana. Mkwe aliyelala mlangoni alikuwa mwanamke, mama wa Chato mwanamke, mjane wa maksai mwanamke. Mbona kafara zote zinatoka upande mmoja wa nyumba?

Swali hilo ni zito, na mhubiri asiyeliogopa hajalielewa. Jibu langu nalitoa katika Injili ya Yohana, sura ya 10, pale Yesu anaposema kwamba uhai wake hakuna anayemnyang'anya, bali anautoa mwenyewe. Naona maneno hayo yanafunga mlango ambao wengi wetu tuliuacha wazi. Kilichonyang'anywa si kafara, hata kikipambwa kwa nyimbo. Mke anayepigwa hajatoa kitu, amechukuliwa. Na mchungaji anayemwambia arudi akavumilie anatoa sadaka kwa mali isiyokuwa yake, sawasawa na wale wazee sita. Kama mchungaji ameguswa na roho ya yule mume, basi na amchukue mume huyo akae nyumbani kwa mchungaji, amlishe, amsikilize matusi yake usiku, amwuguze. Nimemwona mchungaji mmoja tu katika maisha yangu aliyefanya hivyo. Hakuwa msemaji mzuri mimbarini.

Na kuondoka si lazima kuwe mwisho wa upendo. Jirani yangu mmoja alimwacha mumewe mkali akaenda Mwanza na watoto, akafanya biashara ya dagaa. Miaka kadhaa baadaye yule bwana alipougua ukimwi na wenzake wa machimboni wakamtoroka, ni yeye aliyekuwa akituma fedha ya uji na ya nauli ya kliniki kila mwisho wa mwezi. Hakurudi kwake. Hakumruhusu kuingia nyumbani kwake. Alituma fedha, kwa hiari yake, toka katika beseni lake la dagaa, hata alipokufa. Watu walibishana kama alikuwa amemsamehe au la. Nilipomwuliza alisema hajui, lakini mtu hawezi kulala njaa huku yeye ana samaki.

Machimboni nako, kulikoanzia neno letu, yako mambo mengine ambayo magazeti huyasema kwa siku mbili kisha yakasahauliwa. Mwezi wa Oktoba mwaka 2015 udongo uliwafukia wachimbaji katika mgodi mdogo wa Nyangalata, wilayani Kahama. Siku zikapita, ikaaminika kwamba walionasa ndani wamekwisha kufa. Katikati ya Novemba, baada ya siku 41, wanaume watano wakatolewa wakiwa hai, wamekonda vibaya, baada ya kuishi kwa mizizi, wadudu na maji yaliyochuruzika ardhini. Mtu aliyewahi kukaa na wachimbaji anajua kwamba duara likititia huwa hakuna anayeuliza aliyefukiwa ni mtu wa namna gani. Chini kule huenda yuko mwenye deni lako, huenda yuko aliyekuibia viroba vya mawe wiki iliyopita. Vijana hushika masururu na kamba wakaingia katika udongo ule ule ambao bado haujatulia, kwa mtu ambaye jana walikuwa karibu kupigana naye. Ni watu hao hao, msomaji, ambao jioni nyingine wakikosa dhahabu wataanza kunong'ona kwamba hapa panataka kafara. Zote mbili zimo ndani ya mtu mmoja, na sidhani kama ni kwa wachimbaji tu.

Yule kijana wa maksai alifungwa miaka mitano. Ukoo ulimtembelea mwaka wa kwanza, kisha ukachoka. Mjomba hakuchoka. Kila mwezi, akiwa amebakiwa na ng'ombe wawili, alisafiri kwa basi mpaka gerezani na mche wa sabuni, tumbaku kidogo na habari za nyumbani. Injili ya Mathayo inapowataja waliofungwa haisemi kwamba wawe wamesingiziwa. Nilimsindikiza mara moja. Kijana alikuja dirishani, akapokea, hakusema asante. Aliugeuza mche wa sabuni mkononi akasema safari hii ni mdogo. Mjomba akacheka mpaka akakohoa, akamwambia bei imepanda, kisha akamwuliza kama mguu bado unamwuma. Tulipotoka nje aliketi chini ya mti ulio mbele ya lango, akatoa leso yenye fedha, akaanza kutenga nauli ya mwezi ujao.